MUSWADA BADO SI SHERIA



Mara nyingi twasikia maofisini maneno haya: "Serikali imetunga sheria, nasi hatukuulizwa." Pengine maneno hayo ni ya haki. Lakini pengine tuliulizwa, nasi tukanyamaza kwa kutojua kwamba tunaulizwa. Yatupasa basi kuijua njia ambayo sheria huipita.

Utaratibu huu asili yake ni Uingereza. Ulitufikia mwaka 1926, Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoanza. Gavana alikuwa ndiye mwenye kiti, maofisa wake ndio waliokuwa wengi, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza, machifu wawili, waliingia mwaka 1945. Siku zile aliyesema kwamba hakuulizwa alisema kweli. Leo Bunge ni letu, na udhuru huo umepungua nguvu.

Kwanza muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kisha husomwa Bungeni mara ya kwanza pasipo mjadala, ukapelekwa kwa kamati inayohusika. Kusomwa mara ya pili, Waziri hueleza makusudi yake na Wabunge hujadili. Halafu Bunge zima hukaa kama kamati, likaupitia kifungu kwa kifungu. Kusomwa mara ya tatu ndiko kuupitisha. Mwisho hupelekwa kwa Rais: akiukubali, huwa sheria, akiukataa, huurudisha pamoja na sababu zake.

Katika safari hiyo yote, mlango wa mwananchi uko kwenye kamati ile ya kwanza, maana ndiyo inayoalika watu na vyama watoe maoni. Mlango huo haukai wazi siku nyingi. Na muswada ukija kwa hati ya dharura, siku huwa chache zaidi.

Tena liko jambo ambalo wengi hulisahau. Sheria huweza kumpa Waziri uwezo wa kutunga kanuni, nazo hazisomwi mara tatu. Mapema mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria iliyounganisha mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma. Kelele kubwa za kikokotoo zilizuka baadaye, kanuni zilipotoka, hata Desemba mwaka huo Rais akaamuru zisimamishwe. Wastaafu walipata nafuu; lakini nafuu ya amri haina uthabiti kama haki iliyoandikwa ndani ya kifungu. Mahali pa kuuliza, "Uwezo huu wa Waziri utakuwa na mpaka gani?" palikuwa kwenye kamati, muswada ulipokuwa bado muswada.

Ndugu zetu, Gazeti la Serikali hupita mikononi mwetu sisi makarani. Twalipokea, twalipiga muhuri, twalitia katika faili, wala hatulisomi. Twashauri kila tawi lichague wanachama wawili wa kulisoma kila litokapo, na kila muswada unaogusa mishahara, likizo au pensheni waulete mbele ya mkutano, ili maoni yetu yaandikwe na kupelekwa kwa kamati kwa heshima na kwa wakati.

Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Muswada ni samaki mbichi. Sheria imekwisha kauka.