Safu mbili za namba si ramani, jamani!

Test zimeisha, acha nitoe la moyoni. Hapa Tabora ukitaja kanzidata ya maeneo, washkaji wa kompyuta wanakujibu fasta: "Tengeneza jedwali, safu ya latitudo, safu ya longitudo, kazi kwisha." Nakataa.

Chukua njia ya misafara, Bagamoyo mpaka Ujiji. Mwaka 2006 iliingizwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina peke yake halikuokoi, maana Burton na Speke walipofika huku 1857 waliandika Kazeh. Tafuta "Tabora" kwenye maandishi yao uone utaambulia nini.

Haya, namba basi. Ramani zetu za karatasi za zamani zinafuata mfumo wa Arc 1960, GPS ya simu yako inafuata WGS 84. Tofauti kwetu huku ni kama mita 300. Mita 300! Tembe la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872 linahamia shambani kwa mtu, na namba zote mbili ni sahihi, ila jedwali halikuuliza ni za mfumo upi. Ukiingia kwenye mita za UTM ndo balaa kabisa: Bagamoyo kanda ya 37, Tabora 36, Ujiji 35. Msafara mmoja, kanda tatu, na kila kanda inahesabu upya. Toa namba kwa namba upate umbali wa vichekesho.

PostGIS ipo tangu 2001, inakaa juu ya PostgreSQL, na ni bure. Kila nukta, mstari au poligoni inabeba namba ya mfumo wake. Halafu kuna faharasa. Ya kawaida inapanga vitu kwa foleni, kama majina kwenye daftari la mahudhurio. Iulize vilivyo kilomita 20 toka Kwihara: inakusanya kila kilicho kwenye latitudo hizo, mpaka Tanga mjini, ndo ianze kuchambua! R-tree, ambayo Guttman aliileta 1984, inafunga vitu kwenye visanduku, vidogo ndani ya vikubwa. Kisanduku kisichogusa eneo lako kinarukwa na vyote vilivyomo.

Utabisha kwamba vituo sita havihitaji faharasa. Kweli, sita unamaliza kwa macho. Sasa ongeza miembe ya njia ya misafara, visima, makaburi, na mipaka ya viwanja vyote vya manispaa. Kiwanja kikipimwa juu ya kaburi la zamani, nani atapiga kelele, kama kaburi limeandikwa "karibu na mwembe mkubwa"? Na mwembe wenyewe ukikatwa?

Sisi ndo walimu wa Jiografia wa kesho, tusiwarithishe watoto uvivu huu. Ijumaa nipo maabara ya kompyuta, PostGIS ipo kwenye flashi. Anayebisha aje na jedwali lake.