Aliyeshika kiboko alikuwa wa kwetu

Kila inapotajwa riwaya ya zama za ukoloni, hakosekani wa kusema kwamba mwandishi Mwafrika akimchora Mwafrika mkatili, mwoga au msaliti, amemtetea mkoloni. Ukatili uwe wa Mzungu, sisi tubaki na mateso. Kauli hiyo inasifiwa kuwa ya kizalendo. Mimi naiona ni ya hatari, na historia ya hapa Kilosa inatosha kuivunja.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters aliingia Usagara, ilipo Kilosa ya leo, na karatasi zake za mikataba. Hakuja peke yake. Alikuwa na mkalimani na wapagazi, na wapo watawala wa huku waliomkaribisha na kutia alama kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Baadaye likasimama boma la Kilosa, kukawa na kodi na hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Na nani aliyevichapa? Mwaka 1914 jeshi zima la Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki lilikuwa na Wajerumani takribani 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Kabla ya hapo, Vita vya Maji Maji vilipofika hadi Uvidunda, kusini mwa Mikumi, amri ya kuchoma mashamba na maghala ili watu wafe njaa ilitoka kwa Mjerumani, na dhambi kubwa ni yake. Lakini moto uliwashwa na askari.

Walipokuja Waingereza, mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yakajaa manamba. Itazame kadi ya kipande: nafasi thelathini, kila siku ya kazi na alama yake. Mtu amekata mkonge tangu alfajiri, mikono imechanika kwa miiba, halafu mnyapara anasema mzigo haukutimia. Siku imepotea, jasho limekwenda bure. Mwenye shamba pengine hata hakuwepo. Aliyesema "haukutimia" alizungumza Kiswahili kama changu na chako.

Ndiyo maana namheshimu Abdulrazak Gurnah. Katika riwaya yake ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la *Peponi*, mtoto Yusufu anatolewa na baba yake mzazi kufidia deni kwa tajiri Aziz. Hakuna Mzungu aliyemlazimisha yule baba. Na mwishoni, baada ya askari wa Kijerumani kupita wakikamata watu, kijana huyo anawakimbilia askari wenyewe. Wasomaji wengi hukasirika hapo, wakimtaka shujaa. Mimi nasema hapo ndipo Gurnah alipotueleza jambo ambalo vitabu vingi vya historia vimelipita haraka: mtu aliyenyimwa kila kitu anaweza kuukimbilia mkono uleule unaomnyonga.

Linganisha na *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Humo Mwarabu ni mkatili na Mwingereza ni mkombozi, karibu malaika. Mbotela alizaliwa katika ukoo wa waliokombolewa, na shukrani yake naielewa. Lakini mgawanyo ule wa watu weupe kwa wema na wengine kwa uovu uliwafaa sana watawala. Leo tunaugeuza tu, malaika tunakuwa sisi, kisha tunadai tumejikomboa. Tumebakia ndani ya hadithi ya mkoloni.

Wapo watakaosema namna hii tunawavunjia heshima wazee wetu. Kinyume chake. Kama kila mzee alikuwa mwema kwa sababu tu alitawaliwa, basi aliyekataa kuwa akida wa mkoloni, aliyemficha jirani asikamatwe kubeba mizigo ya vita, hakufanya lolote la ajabu. Ujasiri wake unaonekana pale tu tunapokubali kwamba mwenzake alinunuliwa kwa sare na mshahara.

Na mnyapara hakufa na ukoloni. Mgambo anayemwaga nyanya za mama muuzaji barabarani hakutumwa na Berlin wala London. Kijana aliyefundishwa kwamba ukatili una rangi moja hatamtambua.

Kwa hiyo, walimu wa fasihi wa Kilosa na Mikumi, wapeni wanafunzi *Peponi*, na mmoja akiuliza kwa nini Yusufu alikimbia, msimjibu haraka. Nanyi waandishi vijana, yule mnyapara wa Kimamba bado hajaandikwa. Mwandikeni, mkimpa jina, mke, watoto na sababu zake, wala msimwonee huruma anapokataa kutia ile alama.