Nyota akiumia, mchujo usiwe sababu ya kumlemaza

Kila msimu wa mpira wa vikapu unapokaribia ukingoni, swali moja huzuka upya hapa Mombasa. Ligi imekwisha, timu zimeingia katika mechi za mchujo zitakazotoa bingwa, na ghafla yule mchezaji anayetegemewa kuliko wote ameumia. Je, acheze au apumzike? Utaisikia hoja hiyo kwenye ukumbi wa Makande timu za KPA zinapocheza, ndani ya matatu za Changamwe na hata juu ya feri ya Likoni. Aghalabu jawabu la mashabiki ni lile lile: ajikaze, mechi zimebaki chache, atapumzika msimu ukiisha.

Mimi ni daktari wa kawaida, si mpasuaji wa mifupa. Lakini huku upande wa bara, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, kijana aliyeumia uwanjani humwona daktari kama mimi kabla ya kumwona mtaalamu yeyote, endapo atamwona daktari kabisa. Maoni yangu ni haya: mchezaji asiyeweza kukimbia, kuruka na kutua bila kuchechemea asiingie uwanjani, iwe mechi ya kirafiki au fainali. Na uamuzi huo asiachiwe yeye peke yake, wala mkufunzi wake.

YALIYOWAPATA WAKUBWA

Tuanze na ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, ambako kila timu ina madaktari wake na mashine za kila aina. Mnamo Mei 2019 Kevin Durant wa Golden State Warriors aliumia msuli wa shavu la mguu wa kulia katikati ya mchujo. Alikaa nje kwa muda wa mwezi mmoja. Timu yake ilipokuwa ukingoni kupoteza fainali dhidi ya Toronto, alirudishwa uwanjani Juni 10. Alicheza dakika 12, akafunga pointi 11, kisha kano ya kisigino ikakatika. Timu ilishinda mechi hiyo kwa pointi moja, lakini ikapoteza ubingwa. Durant hakuonekana tena katika mechi ya ligi hadi Desemba 2020. Usiku ule ule kiongozi wa timu, Bob Myers, aliwaambia wanahabari huku akilengwa na machozi kwamba ikiwa ni lazima alaumiwe mtu, basi alaumiwe yeye.

Ungedhani somo hilo lingetosha. Mnamo Juni 2025 Tyrese Haliburton wa Indiana Pacers aliumia shavu la mguu katika mechi ya tano ya fainali. Akacheza ya sita. Katika mechi ya saba, Juni 22, alikuwa ameshafunga pointi 9 katika robo ya kwanza pale kano ya kisigino cha mguu ule ule ilipokatika. Indiana ilishindwa 103 kwa 91, na msimu wote uliofuata ukampita. Baadaye Haliburton alisema hajuti na kwamba angefanya hivyo tena. Namheshimu kwa moyo huo. Hata hivyo, moyo wa mchezaji si kipimo cha hospitali.

KWA NINI SHAVU LA MGUU?

Msomaji atauliza, msuli wa shavu la mguu unahusiana vipi na kisigino? Misuli miwili mikubwa ya nyuma ya mguu hushuka na kuungana kuwa kamba moja nene, ambayo unaweza kuishika kwa vidole viwili juu ya kisigino chako. Hiyo ndiyo kano ya kisigino. Kila unaporuka, msuli huvuta na kano hupokea. Msuli uliochanika huvuta vibaya, huchoka upesi, na mwili hubadilisha namna ya kukanyaga ili kukwepa maumivu. Mzigo huhamia mahali pasipouzoea.

Hakuna daktari awezaye kuapa kwamba lile jeraha la kwanza ndilo lililomkata Durant au Haliburton. Kano hukatika hata kwa watu ambao hawakulalamika jana yake. Tunachojua kwa hakika ni kwamba mtu aliyeumia karibuni yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuumia tena. Msuli wa shavu uliochanika kiasi huhitaji wiki 2 hadi 6. Kano iliyokatika huchukua miezi 9 hadi 12. Hesabu hiyo haihitaji shahada ya udaktari.

WANAOPINGA WANA HOJA

Sitaki kuwadharau wanaosema acheze. Wana mifano yao. Mwaka 1970 Willis Reed wa New York Knicks, akiwa amechanika msuli wa paja, alidungwa sindano akaingia kwenye mechi ya saba ya fainali akichechemea. Akafunga vikapu viwili vya mwanzo, ukumbi ukalipuka, New York ikatwaa ubingwa. Hadithi hiyo husimuliwa mpaka leo. Lakini wasimulizi husahau kwamba Reed alimaliza mechi na pointi 4 tu. Aliyefunga 36 ni Walt Frazier, aliyekuwa mzima wa afya.

Mfano mzito zaidi ni wa Michael Jordan. Alivunjika mfupa wa mguu mwanzoni mwa msimu wa 1985-86 na kukosa mechi 64. Madaktari walimwambia kwamba akirudi kabla ya wakati, uwezekano wa kuumia tena ni asilimia 10. Mwenye timu akampa mfano: una vidonge kumi vya maumivu ya kichwa na kimoja kina sumu, je, utameza? Jordan alijibu kwamba hilo linategemea kichwa kinauma kiasi gani. Akarudi, kwanza kwa dakika za kuhesabiwa, na mnamo Aprili 20, 1986 akafunga pointi 63 dhidi ya Boston katika mchujo.

Jibu la Jordan ni la mtu mwenye akili. Hatari hupimwa kwa kulinganishwa na faida. Ila tazameni mambo mawili. Kwanza, mfupa wake ulikuwa umepewa miezi ya kupona na kupigwa picha mara kwa mara. Hakurudi siku tatu baada ya kuumia. Pili, licha ya pointi zote hizo, Chicago ilitolewa mechi 3 kwa 0. Ubingwa wake wa kwanza ulikuja 1991, akiwa na miguu yake yote miwili.

Kidonge chenye sumu kilimwangukia Grant Hill. Mwaka 2000 aliingia katika mchujo na timu ya Detroit huku kifundo cha mguu wa kushoto kikimuuma. Kikavunjika. Alipasuliwa mara kadhaa, na upasuaji wa mwaka 2003 ukamletea maambukizi mabaya ya bakteria. Katika misimu minne iliyofuata baada ya kuumia alicheza mechi 47 kwa jumla, ilhali msimu mmoja pekee una mechi 82.

KIJANA WETU HANA MTO WA KUANGUKIA

Sasa turudi nyumbani. Durant alipokuwa bado kwenye magongo, timu nyingine ilimpa mkataba wa miaka minne. Kijana wa Kisauni akikatika kano, nani atamwandikia mkataba? Klabu zetu kubwa ni za mashirika: KPA ni ya bandari, Ulinzi ni ya jeshi, Equity ni ya benki. Mchezaji chipukizi hatafuti kikombe tu, anatafuta kuonekana ili apate ajira au nafasi ya chuo. Ndiyo maana hufunga bandeji na kunyamaza. Anaona mchujo kuwa mlango pekee wa maisha.

Naielewa hofu hiyo, na ni kwa sababu yake ninashauri apumzike. Mlango huo hufunguliwa na miguu. Mchezaji mwenye kifundo kibovu huonekana, naam, lakini huonekana akiwa nusu ya alivyo. Fauka ya hayo, wengi wao hufanya vibarua vya kusimama, kubeba mizigo au kuendesha bodaboda. Akilemaa, nyumba nzima hukosa chakula. Na hata huko kupona, mazingira yetu ni magumu: viwanja vingi vya mitaani ni vya saruji, safari ya kwenda kwa fiziotherapia ni kuvuka feri au kupanda matatu mbili, na akikosa nauli wiki mbili basi mazoezi yamekatika.

SINDANO NA VIDONGE VYA DUKANI

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni dawa. Mchezaji hununua diklofenaki, humeza vidonge viwili tumbo tupu, kisha hucheza akitokwa jasho jingi katika joto la Mombasa. Dawa hiyo haiponyi jeraha, hulinyamazisha tu. Pia huweza kuumiza tumbo na figo, hasa mwili ukiwa umepungukiwa maji. Sindano ya steroidi karibu na kano ya kisigino ni hatari zaidi, kwani huweza kuidhoofisha hata ikatika.

Wachache wanajua hili: siprofloksasini, ambayo watu hununua kiholela dukani kwa maradhi ya tumbo au ya mkojo, nayo huweza kudhoofisha kano ya kisigino. Mchezaji asiinunue bila kumwona daktari, na kila anapoandikiwa dawa aseme kwamba yeye ni mwanamichezo.

Na wale wanaokimbilia kuchuliwa kwa mafuta ya moto siku ile ile, wangoje. Kwa siku mbili tatu za mwanzo jeraha bado linavuja damu ndani. Joto na kukandwa kwa nguvu huongeza uvimbe. Barafu ya dukani, iliyofungwa kwenye kitambaa na kuwekwa kwa dakika 15 hivi mara kadhaa kwa siku, hutuliza maumivu na ni ya bei nafuu. Ufunge mguu kwa bandeji isiyobana mno, na uuinue unapolala.

NANI ACHEZE, NANI AKAE?

Si kila maumivu ni marufuku. Kidole kilichojigonga, mchubuko wa goti au misuli iliyochoka havimzuii mtu kucheza. Kwa mengine, hivi ndivyo ninavyowashauri wakufunzi:

Kifundo kilichoteguka kipigwe picha ikiwa mgonjwa hawezi kutembea hatua nne, au akibonyezwa ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, upande wa ndani au wa nje, anaumia.

Aliyesikia mlio nyuma ya kisigino kana kwamba amepigwa teke, na sasa hawezi kusimama kwa ncha ya mguu huo, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, akatapika au akasahau mchezo ulivyokwenda, ametoka. Hakuna mjadala, hata ikiwa imebaki dakika moja. Kadhalika aliyezimia au aliyeshikwa na maumivu ya kifua akikimbia.

Mwenye homa apimwe malaria kwanza.

Anayetaka kurudi baada ya kuumia mguu ajaribiwe mazoezini bila dawa ya maumivu: ainue kisigino mara 20 kwa mguu mmoja mmoja, aruke kwa mguu mmoja, akimbie kasi na kukata kona. Mguu ulioumia ukishindwa kulingana na ule mzima, bado hajapona. Akifaulu, arudi kwa dakika chache kwanza, kama Jordan.

UAMUZI NI WA NANI?

Mchezaji ana haki ya kuujua ukweli wote na kukataa kucheza. Lakini ruhusa ya kucheza itoke kwa mtu asiyepata chochote timu ikishinda. Mkufunzi anatazama kikombe, msimamizi anatazama bajeti, shabiki anatazama saa mbili za furaha. Klabu za mtaani haziwezi kuajiri daktari, hilo liko wazi. Zinaweza, hata hivyo, kukubaliana mapema, kabla msimu haujaanza na kabla damu haijachemka, kwamba neno la mhudumu wa afya fulani ndilo la mwisho. Wazazi nao waulize swali hilo siku wanapompeleka mtoto kusajiliwa.

Anayedhani kupumzika ni kupotea na amkumbuke David Rudisha. Baada ya kuweka rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London mnamo 2012, goti lilimsumbua akakosa Mashindano ya Dunia ya Moscow mwaka 2013. Mwaka 2014 akaambulia fedha huko Glasgow, na wapo waliosema amekwisha. Mwaka 2015 akatwaa dhahabu ya dunia Beijing, na 2016 dhahabu ya Olimpiki Rio.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ikiwa msimu huu nyota wenu ameketi kwenye benchi akiwa na bandeji mguuni, msimzomee wala msimwite mwoga. Mpigieni makofi, mkitarajia kumwona uwanjani mwaka ujao.