Heri tundu linalokataa

KUTOKA NJIA PANDA
Na Philbert Ruhanga

Kompyuta za msaada zinapokabidhiwa shuleni, picha hupigwa kwa mbele. Mgeni rasmi kashika kona moja ya monita, mkuu wa shule kashika nyingine, wanafunzi wamepangwa nyuma na sare zilizonyooka. Sijaona bado picha iliyopigwa mgongoni mwa mashine. Ningekuwa mpiga picha wa halmashauri ningeanzia huko, maana mgongoni ndiko yaliko matundu, na matundu ndiyo yanayoamua kama Jumatatu kutakuwa na kipindi cha kompyuta au mashine zitabaki zimefunikwa vitambaa.

Ngara na Biharamulo tumepokea vifaa vya kila umri. Vingine vimeletwa na wafadhili, vingine vimenunuliwa kwa fedha za halmashauri, vingine vimeachwa na miradi iliyokunja virago, na juu ya hivyo vikaja vishikwambi vya Sensa ya 2022, walivyogawiwa walimu baada ya watu kuhesabiwa. Ndiyo maana chumba kimoja kinaweza kuwa na projekta ya VGA, tundu ambalo IBM ililitoa mwaka 1987, na pembeni yake kompyuta mpakato isiyo na tundu lolote zaidi ya Taipu C, lililotoka 2014. Kati yao kuna miaka 27, na anayetakiwa kuivuka ni mwalimu ambaye tayari ana vipindi vya kumtosha.

Lawama zote huangukia uzee. "Mashine zimepitwa na wakati," husemwa, na kikao kinafungwa. Mimi naona vya zamani vinasingiziwa.

Itazame kompyuta ya mezani ya miaka ile. Kibodi ina tundu lake la duara, la zambarau. Kipanya kina lake, la kijani. Printa ina tundu pana la pini 25. Projekta ina la buluu, pini 15 katika safu tatu. Ilikuwa kero, sikatai: ukipoteza waya mmoja umepoteza kifaa kizima. Lakini matundu yale hayakudanganya. Waya usiokuwa wake haukuingia, na ulioingia ulifanya kazi. Yaliyoleta utata ni ya kibodi na kipanya tu, kwa kuwa umbo lao ni moja, ndipo yakapakwa rangi ili watu wasibabaike.

Mwaka 1996 kampuni saba, Intel ikiwemo, zikaleta USB ili vifaa vyote vipite mlango mmoja. Ninachowaheshimu zaidi si kile walichofanya mwaka ule, bali walichofanya wenzao 2008 walipotoa USB ya tatu, ile yenye ulimi wa buluu. Walihitaji njia mpya za kupitishia data kwa kasi, kutoka megabiti 480 kwa sekunde hadi gigabiti 5. Wangeweza kubuni tundu jipya kabisa na kutuuzia nyaya upya. Badala yake waliziacha pini nne za zamani pale pale zilipokuwa, wakaongeza tano mpya, ambazo pini za plagi ya zamani hazizigusi. Flashi ya mwaka 2003 ikiingizwa kwenye tundu la buluu inasomwa. Flashi mpya kwenye kompyuta kuukuu inasomwa pia, ila kwa mwendo wa zamani. Mtu alikaa kiwandani akaumiza kichwa ili mwalimu wa Rulenge asiumize chake.

Huo ndio uelewano wa Mhangaza wa Kabanga na Mrundi wa ng'ambo: kila mmoja anaongea lugha ya kwao na biashara inafanyika. Mhangaza huyo akikutana mnadani na Msukuma wa Biharamulo, Kiswahili lazima kisimame katikati. VGA na HDMI, tundu la kompyuta na televisheni mpya, ni hao wawili wa mnadani. VGA hupeleka picha kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. HDMI hupeleka tarakimu. Waya mtupu, hata ukiwa na kichwa cha VGA huku na cha HDMI kule, hauwezi kugeuza mawimbi kuwa tarakimu. Nyaya za namna hiyo zinauzwa, na zimewaliza wengi. Kinachotakiwa ni kigeuzi chenye chipu ndani yake, na kigeuzi hicho huelekea upande mmoja tu. Kinachotoa HDMI kwenda VGA, yaani kutoka kompyuta mpya kwenda projekta ya zamani, hakikubali kurudi kinyume. Mwenye kompyuta ya zamani na televisheni mpya anahitaji kile kingine, ambacho mara nyingi huja na kiwaya cha kukipa umeme na kingine cha sauti, kwa sababu VGA haikubeba sauti tangu ilipoanza. Ofisi nyingi hununua cha kwanza zikihitaji cha pili, kisha zinasema televisheni imekufa.

Ukitaka kuona watu wanavyolazimisha tundu lisilokubali, nenda Rusumo. Maporomoko yale yana mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Sehemu yetu inasafiri kwa njia ya kilovoti 220 mpaka kituo cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Maji ni yale yale na mtambo ni ule ule. Umeme ukifika ukutani ndipo undugu unapokatika. Wenzetu wanatumia plagi ya pini mbili za mviringo, urithi wa Wabelgiji. Sisi tuna pini tatu bapa, urithi wa Mwingereza, kwa kiwango kilichochapishwa kwao mwaka 1947.

Basi mtu ananunua chaja au redio yenye pini mbili, anafika nayo nyumbani, na dawa yake kila mtu anaijua: chukua mfuniko wa kalamu, sukumiza kwenye tundu la juu, vifuniko vya matundu ya chini vinafunguka, chomeka. Redio inaimba. Lakini tundu la juu halikuwekwa pale kwa ajili ya kalamu. Pini ya juu imefanywa ndefu kuliko wenzake makusudi, itangulie kuingia, iunganishe kifaa na ardhi, na ndiyo iliyopewa kazi ya kufungua vifuniko ili mtoto mwenye msumari asiufikie umeme. Plagi yetu ina fyuzi ndani. Ile ya wenzetu haina, kwao ulinzi huo umeachiwa swichi kuu ya nyumba. Halafu pini za mviringo hazikamatwi sawasawa na soketi ya pini bapa. Zinacheza, zinapata moto, plastiki inageuka kahawia. Soketi za namna hiyo ziko nyingi madukani Kabanga na Benaco, na wenye maduka hawana hata wasiwasi nazo.

Nimelitaja hilo kwa sababu kwenye soketi, kosa angalau linaonekana. Kalamu ipo, rangi ya kahawia ipo, harufu ipo. Kwenye Taipu C hakuna cha kuona.

Sina ugomvi na Taipu C yenyewe. Ina pini 24 katika kitundu kidogo, inaingia juu-chini na chini-juu, na tumeepukana na ile tabia ya kugeuza waya mara tatu gizani. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, Umoja wa Ulaya unadai simu, vishikwambi na kamera mpya zinazouzwa kwao zichajiwe kwa tundu hilo. Hata Apple iliyokuwa na tundu lake peke yake ikasalimu amri na iPhone 15, Septemba 2023. Hakuna aliyetuuliza sisi, lakini viwanda ni vile vile na mizigo ni ile ile, kwa hiyo na sisi tutafaidi. Kijana anayeuza nyaya stendi ya Nyakanazi, pale magari ya Kigoma, Kahama na Rusumo yanapopishana, zamani alilazimika kuwa na pini ndogo ya Nokia, pini nene, maikro na nyingine ambazo hata jina hazina. Mzigo wake unapungua mwaka hadi mwaka.

Tatizo ni kwamba umbo limekuwa moja huku mambo ya ndani yakibaki kumi. Tundu moja la Taipu C linapitisha umeme tu. Jingine linapitisha umeme na data kwa mwendo wa mwaka 2000. Jingine linatoa na picha. Nyaya nazo ni hivyo hivyo: upo unaobeba wati 60, upo wa wati 240, na upo ule wa bei ya kutupa wenye nyuzi mbili za umeme basi, data haupitishi kabisa. Vichwa vinafanana. Vyote vinaingia, vyote vinatoa ule mlio mdogo wa kuridhisha.

Nenda steshenari yoyote Biharamulo mjini wakati wa mitihani ya ndani. Mwalimu amefika na kishikwambi chenye maswali, anataka nakala. Binti wa kaunta anachomeka waya, anasubiri, anachomoa, anachomeka tena.

"Mwalimu, inachaji ila haisomi."

"Basi mashine yako ina virusi, mwanangu."

Virusi wamesingiziwa mambo mengi katika nchi hii. Waya ule hauna nyuzi za data, na hakuna programu itakayoziotesha. Zamani binti yule angeona waya haulingani na tundu na angesema hivyo katika sekunde mbili. Sasa ameingia kwenye ubishi na mtu mzima, foleni inakua, na mwalimu ataondoka akiamini duka lile ni bovu.

Na si usumbufu tu. Mwishoni mwa 2015 mhandisi wa Google, Benson Leung, alianza kununua nyaya za Taipu C zilizokuwa zikiuzwa Amazon na kuzipima moja moja. Februari 2016 akachomeka mmoja ambao aliyeutengeneza alikuwa amebadilishana nyuzi za umeme na za ardhi. Ukaunguza kompyuta yake na vifaa vya kupimia. Mwezi uliofuata Amazon ikapiga marufuku nyaya zisizofuata kiwango. Huyo ni mhandisi anayejua anachokifanya, na mwajiri wake hakosi kompyuta nyingine. Waya ule ungemkuta mhasibu wa zahanati ya kijijini?

Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima. Iliwezekana kwa sababu kila simu ina namba yake, unabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, unaiona. Waya hauna namba. TBS wapo Rusumo na wapo Kabanga, wanakagua saruji, vyakula na mafuta, na ni sawa waanze na vinavyoliwa. Ninachoomba kwa nyaya ni kidogo: kila waya wa Taipu C unaoingizwa kuuzwa uandikwe kichwani pake wati unazobeba, na kama unapitisha data au la. Wenye kiwango chenyewe duniani wameshatoa alama za wati 60 na 240. Hatuhitaji kubuni kitu, tunahitaji kuzidai.

Upande wa halmashauri naomba zaidi. Tangu 2023 manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa NeST, na wataalamu wetu wanajua kuandika mahitaji: prosesa ya aina gani, kumbukumbu gigabaiti ngapi, diski ya ukubwa gani. Kuhusu matundu, kimya. Kuna atakayenijibu kwamba dawa ni kutupa vyote na kununua vipya. Hapana. Monita ya VGA inayoonyesha vizuri haina kosa, na kigeuzi kinachoiokoa kinaenea mfukoni mwa shati. Ila kigeuzi hicho kikikosekana hapa, kinafuatwa Mwanza. Hata sasa ambapo Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025, na kivuko hakisubiriwi tena, safari ya Ngara hadi Mwanza kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa kiberiti bado ni nauli, kulala na vipindi vilivyopotea.

Kwa hiyo kila orodha ya kompyuta iwe na mstari mmoja wa nyongeza: mashine hizi zitaunganishwa na projekta, printa na monita zilizopo katika kituo hiki, na muuzaji atakuja na kila waya na kila kigeuzi kinachohitajika. Wanaotoa msaada nao waulizwe hivyo hivyo kabla ya kontena kufungwa, kwa adabu; mfadhili mwenye nia njema hakasiriki kuulizwa tundu. Siku ya makabidhiano, kamati ya mapokezi ichomeke kila kitu, iwashe, itoe karatasi moja kwenye printa na picha moja ukutani, ndipo isaini. Mjumbe atakayesaini bila kuchomeka, waya utakaokosekana ukatwe kwenye posho yake ya kikao kile kile.