Rafiki Asemaye Ngoja

Yako maneno ambayo hupendeza masikioni kwa sababu ni mafupi, na watu huyapokea bila ya kuyapima. Miongoni mwake ni haya: "Rafiki wa kweli haulizi, ukimwambia twende, huingia garini." Maneno haya husemwa sana na vijana, na michezo ya senema huyapamba kwa picha nzuri: marafiki wawili, gari moja, usiku wa majira ya baridi, theluji imetanda kando ya barabara, na safari ya maili elfu iliyoazimiwa kwa dakika tano. Mtazamaji hutamani awe wa tatu wao. Mimi nayapinga maneno haya. Nasema kwamba rafiki asiyeuliza hajatimiza urafiki wake, na ya kuwa mbele ya safari ya ghafla katika nchi ya theluji, neno lililo bora kuliko "twende" ni "ngoja".

Huenda msomaji akauliza, haya yamhusu nini kijana wa Kenya, ambaye baridi yake kali ni ile ya mwezi wa Julai huko Limuru na Nyahururu? Yamhusu sana. Mwezi wa Septemba, 1959, vijana 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda kusoma Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya, na mamia wengine wakawafuata katika miaka iliyofuata. Tangu hapo njia ile haijaota nyasi. Leo wako Wakenya wengi katika Minnesota, Texas na majimbo mengine, na miongoni mwa wanaosoma kurasa hizi wamo watakaokwenda. Basi siku moja, katika likizo ya Desemba, mwenzako atagonga mlango wako mjini Minneapolis akiwa na funguo za gari mkononi, naye atakuambia kwamba Denver si mbali. Ni mwendo wa kilomita karibu 1,500. Heri jibu lako liwe limefikiriwa kabla ya siku hiyo.

Nisidhaniwe kuwa nashutumu safari. Hapana darasa lifundishalo tabia ya mtu kama safari ndefu. Wazee walisema kwamba hujamjua mtu mpaka usafiri naye, nao walisema kweli. Ndani ya gari marafiki wawili hutazama mbele wote; na kwa kuwa hawatazamani, ulimi hulegea, na yaliyofichwa mwaka mzima husemwa baina ya mji na mji. Wala sikatai kwamba safari isiyopangwa ina utamu wake, mfano wa embe lililookotwa njiani. Lau ningeshindana na safari ya ghafla ya kiangazi ningeshindwa, na ningestahili kushindwa. Hasara yake kubwa aghalabu ni usiku mmoja wa njaa au gurudumu lililopasuka. Lakini ubishi wangu ni juu ya majira ya baridi, ambayo hayapimi adhabu kwa kadiri ya kosa. Kosa dogo la kiangazi huwa ni hadithi ya kuchekesha. Kosa lile lile katika Januari laweza kuwa matanga.

Tuitazame hali ya barabara ile. Maji huganda kwa nyuzi sifuri za Selsiasi. Theluji ikiyeyuka mchana na kuganda tena usiku, huacha juu ya lami utando mwembamba wa barafu usioonekana. Dereva huona barabara nyeusi iliyolowa tu, kumbe amepanda juu ya kioo. Daraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu upepo wa baridi hulipiga juu na chini, hali barabara imelala juu ya ardhi yenye joto kidogo. Kwa hiyo mtu aweza kwenda salama saa nzima, kisha akafika darajani akapoteza usukani. Juu ya barafu gari laweza kuhitaji hata mara 10 ya nafasi linayohitaji kusimama juu ya lami kavu. Na mchana wenyewe ni mfupi: katika Desemba, Minneapolis hupata nuru chini ya saa tisa, na jua huzama kiasi cha saa kumi na nusu alasiri. Basi aliyeazimia kilomita 1,500 kwa pigo moja ameazimia, apende asipende, kuendesha gizani kwa muda mrefu, na tena kwa macho yenye usingizi. Mtu aliyekesha huendesha kama mlevi, ijapokuwa hajaonja tone.

Atasema mtu kwamba magari ya leo yana nguvu katika magurudumu yote manne. Ni kweli, na ndiyo hatari yake. Nguvu ya magurudumu manne humsaidia dereva kuondoka, haimsaidii kusimama. Humpa moyo wa kwenda mbio mahali ambapo gari dhaifu lingemlazimisha kubaki nyumbani.

Tena tuangalie waliopatwa na mambo haya, nao hawakuwa wapumbavu. Mwezi wa Januari, 2022, theluji iliiangukia barabara kuu ya 95 katika jimbo la Virginia, kusini ya Washington. Malori yalishindwa kwenda, yakaziba njia, na mamia ya magari yakanasa nyuma yao usiku kucha katika baridi kali. Wengine walikaa humo zaidi ya saa 24. Miongoni mwao alikuwamo Seneta Tim Kaine, aliyekuwa katika safari yake ya kawaida ya saa mbili kwenda kazini. Alifika baada ya saa 27. Desemba ya mwaka ule ule tufani ya theluji iliupiga mji wa Buffalo, katika jimbo la New York, siku za Krismasi. Serikali ilikataza watu kuendesha magari. Zaidi ya watu 40 walikufa katika wilaya ile, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yao.

Na mwaka 2006, baba, mama na watoto wao wawili kutoka San Francisco walipitwa na njia yao usiku katika jimbo la Oregon, wakaingia barabara ndogo ya milimani, wakanaswa na theluji. Walikaa karibu juma zima. Kisha baba akatoka kwa miguu kutafuta msaada. Mama na watoto, waliobaki na gari, waliokolewa siku mbili baadaye. Baba alikutwa amekufa. Alikwenda kwa mapenzi ya watu wake, wala hapana awezaye kumlaumu. Lakini baridi haikuyahesabu mapenzi yake. Ikiwa wenye shughuli ya lazima na wenye jamaa garini walipatwa hivi, itakuwaje kwa vijana wawili walioondoka na viatu vya raba na mfuko wa viazi vya kukaanga?

Uko mfano mwingine unaonivuta zaidi, kwa sababu waliokosea ndani yake walikuwa wenye elimu. Barabara kuu ya 80 hukata Marekani kutoka karibu na New York mpaka San Francisco. Wahandisi walipotaka kuipitisha katika jimbo la Wyoming, magharibi ya mji wa Laramie, walikuwa na njia mbili za kuchagua: kufuata njia ya zamani ya kaskazini, iliyokwisha kuchaguliwa na wajenzi wa reli tangu 1868, au kukata moja kwa moja karibu na mlima uitwao Elk Mountain ili kupunguza mwendo. Wenyeji wafuga ng'ombe, walioijua nchi ile katika miezi ya upepo, waliwaonya. Hawakusikilizwa. Sehemu ile ilifunguliwa Oktoba, 1970, na majira ya baridi yale yale yakaifunga. Tangu 1971 serikali imejenga nyua ndefu za mbao kuizuia theluji inayosukumwa na upepo, na hata leo barabara ile hufungwa kwa malango mara kwa mara. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ikiwa serikali yenye vyombo na fedha ilishindwa kwa kutomsikiliza mwenyeji, kijana mwenye tangi la petroli na rafiki mmoja ana hoja gani ya kumpuuza?

Wala hekima hii si ya kuazima kwa wageni. Manahodha wa pwani yetu walivuka bahari kwa majahazi, wakaenda Arabuni na Bara Hindi kwa kusi, wakarudi kwa kaskazi. Hapana aliyewaita waoga. Lakini kusi ilipozidi nguvu katikati ya mwaka, bahari ilifungwa. Chombo kilipandishwa pwani kikakalafatiwa, na nahodha akangoja. Hakungoja kwa kuichukia safari, kwani safari ndiyo iliyokuwa maisha yake. Alingoja kwa sababu alikuwa na mabaharia, na kila baharia alikuwa na mama. Kawia ufike, walisema wazee, na neno hilo halikutungwa na watu waliokaa nyumbani.

Sasa nakuja kwenye kiini cha ubishi wangu. Kwa nini marafiki hawaulizani? Ati kwa kuaminiana? La hasha. Aghalabu ni kwa kuogopana. Mmoja ametoa shauri la kwenda kwa moto wa saa ile. Ndani ya nusu saa moto umepoa, naye angetamani kurudi kitandani, lakini aona haya kulirudisha neno lake. Mwenzake naye ana mashaka tangu mwanzo, lakini achelea kuitwa mwoga. Basi huondoka wote wawili, kila mmoja akimwogopa mwenziwe kuliko anavyoiogopa theluji. Watazamaji husema, "Tazama vijana mashujaa!" Kumbe ndani ya gari lile wamo waoga wawili, kila mmoja akingoja mwenzake atamke neno la kurudi. Ushujaa ungekuwa ni kulitamka.

Wako watakaosema kwamba mwenye kuongozwa na hofu hatakwenda popote. Nawajibu kwamba hofu na hesabu ni vitu viwili. Mwenye hofu husema, "Sitakwenda kamwe." Mwenye hesabu husema, "Nitakwenda alfajiri, njia ikiwa wazi." Wengine watasema kwamba kuna simu, na msaada huitwa mara moja. Lakini simu yahitaji mnara karibu na betri yenye uhai, na baridi huidhoofisha betri. Tena simu haina mikono. Anayeitwa naye hana budi kupita katika barabara ile ile. Huko Buffalo, magari ya zimamoto na ya wagonjwa yenyewe yalinasa katika theluji. Aliyeondoka kwa mchezo humtia hatarini mtu aliyeacha watoto wake ili amwokoe. Je, huo ni uhuru wa vijana wawili peke yao, au ni deni wanalomkopea mtu wasiyemjua?

Basi "ngoja" ni neno la namna gani? Si neno la kuua safari, bali la kuipa miguu. Ngoja tusikilize habari za hewa. Ngoja tuulize kama barabara imefunguliwa. Ngoja tumwambie mtu wa tatu njia tutakayopita na saa tutakayofika, ili tusipofika atutafute. Ngoja tujaze petroli, tutie garini mablanketi, maji, chakula, tochi, sepeto na mchanga wa kutia chini ya magurudumu. Ngoja tulale, tuondoke kumekucha. Na tukinaswa, tukubaliane tangu sasa kwamba hatutaliacha gari kwenda kutangatanga. Kwamba tutaondoa theluji katika bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, kwa kuwa bomba likizibwa hewa ya sumu isiyo na harufu huingia ndani na kuua watu usingizini. Na kwamba injini itawashwa kwa dakika 10 hivi katika kila saa, dirisha likiwa wazi kidogo. Mambo yote haya hayapati saa mbili za matayarisho. Urafiki usioweza kungoja saa mbili si urafiki wa kuvukia milima.

Tena liko sharti moja ambalo ni kubwa kuliko sepeto na blanketi. Kabla ya kuwasha gari, marafiki na wapeane ahadi kwamba yeyote kati yao, saa yoyote, aweza kusema "turudi", na mwenziwe atageuza gari bila ya ubishi, bila ya kicheko, wala bila ya kuikumbusha habari hiyo mbele ya watu. Ahadi hii humwondolea kila mmoja haya iliyokuwa ikimfunga ulimi. Wawili wenye ahadi hii na waende popote. Hao ni marafiki. Wawili wasioweza kupeana ahadi hii ni watu waliokutana katika gari moja.

Ewe msomaji, siku mwenzako atakapogonga mlango usiku, akiwa na funguo mkononi na theluji mabegani, usimfukuze, wala usimcheke kwa furaha yake, kwani furaha ya rafiki ni kitu cha thamani. Mkaribishe ndani. Mpikie chai. Mwambie, "Ngoja mpaka asubuhi, nami nitakwenda nawe." Akikasirika, hasira ya usiku mmoja si kitu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya kwanza ambayo rafiki hutuokoa nayo ni ile tunayotaka kujitia wenyewe.