Mabango ya Kijapani Yasishikwe na Wapiganaji wa Sotik

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kinaandaa mchezo wa kuigiza kuhusu mwaka wa 1905, Waingereza walipowavamia Wakipsigis wa Sotik. Waliopita karibu na ukumbi wakati wa mazoezi wameona vitambaa virefu vyembamba vikiinuliwa juu ya miti, wakauliza kama tumeanzisha kanisa. La hasha! Ni mabango ya Kijapani, yanaitwa nobori. Wazo lilitoka kwa wenzetu waliotazama filamu za Akira Kurosawa. Mimi ni mmoja wa wanaoyashona, na nina neno.

Kwanza niyasifu. Bendera ya kawaida pasipo upepo hulala kama shati lililoloa, na ndani ya ukumbi wetu upepo utoke wapi? Nobori haina shida hiyo. Sisi tunakata marekani urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60, tunapinda kingo, halafu tunashona vitanzi ubavuni na juu. Mti mrefu hupita katika vitanzi vya ubavuni, na fimbo fupi iliyofungwa kileleni hupita katika vile vya juu. Basi kitambaa hukaa wazi wakati wote, hata mtu wa nyuma kabisa anasoma. Vitanzi ndivyo kazi yenyewe. Kila kimoja tunakipitisha kwenye cherehani mara mbili, maana uzito wote unaning'inia hapo.

Lakini jamani, ni nani atakayeyashika? Mpango uliopo ni wapiganaji wetu waingie jukwaani nayo, kila kikosi na rangi yake, eti ipendeze. Hapo ndipo ninapopinga. Wajapani walikuwa na sababu yao. Katika karne ya 16 mabwana wao wa vita walipigana wenyewe kwa wenyewe, silaha zilezile, mavazi yaleyale. Bila bango ungemchoma ndugu yako. Mmoja wao, Takeda Shingen, anakumbukwa mpaka leo kwa bango lililotaja upepo, msitu, moto na mlima. Sisi na wao tunafanana kwa kupenda chai tu, na hata hiyo yao ni ya kijani!

Mpiganaji wa Kipsigis alibeba long'et, yaani ngao ya ngozi, pamoja na mkuki. Waliokuja Sotik na bendera ya kitambaa walikuwa Waingereza, na bunduki ya Maxim juu yake. Watu wengi sana waliuawa. Siku ya mchezo wazee kutoka Bomet watakaa viti vya mbele, na wengine wao ni wajukuu na vitukuu vya waliopigwa. Tutawaambia nini wakiona babu zao wamevishwa Ujapani? Na yule mtoto wa shule ya msingi atakayetazama ataamini ndivyo ilivyokuwa.

Najua nitajibiwa kwamba mchezo ni mchezo, lazima macho yashibe. Sawa, basi tuchore ngao! Mbona bendera ya Kenya ya 1963 ina ngao na mikuki katikati, na hakuna aliyesema haipendezi?

Wala sisemi mabango yatupwe, vidole vyangu vimechomwa sindano mno. Yasimame pembeni mwa jukwaa, yashikwe na wasimulizi wakiwa na sare za shule, yaandikwe mahali na mwaka. SOTIK 1905 kwa onyesho la kwanza. GWASSI 1934 kwa lile la mwisho, wakati familia za Talai zilipoondolewa Kericho kwa nguvu na kupelekwa kule karibu na Ziwa Viktoria. Hivyo mtazamaji hatapotea njiani.

Mabango sita yamekwisha kushonwa na bado hayajapakwa rangi, kwa hivyo mwalimu mlezi na kamati wana nafasi ya kuamua. Kwa ngao tunahitaji kadibodi nene. Wenye katoni kubwa nyumbani au dukani kwao wazilete Ijumaa, zisiwe zimelowa.