Mekatilili Hakupigania Kuku

Kila likitajwa jina la Mekatilili wa Menza, ni stori ile ile: kuku na vifaranga vyake, ngoma ya kifudu, halafu picha. Sisi wa Marafa tumechoka nayo.

Tuseme ukweli. Vita vile vilihusu shamba. Wagiriama walikuwa wamevuka mto Sabaki kuja huku kaskazini, wakalima mahindi, wakavuna, wakauza. Mtu mwenye ghala limejaa haendi kuwa kibarua wa mlowezi, na Mwingereza alilijua hilo. Ndiyo maana mwaka 1914 aliamuru watu wahame, akalipua Kaya Fungo, kisha akawatoza faini ya rupia 100,000.

Mekatilili na Wanje wa Mwadori Kola walipelekwa Kisii, wakatoroka, wakashikwa tena. Walipoachiliwa walirudi kaya: Wanje akaongoza baraza la wanaume, yeye la wanawake. Yaani huyu mama alikaa kwenye baraza akaamua mambo ya watu. Hiyo sehemu mbona hamuisimulii?

Kaburi lake liko Bungale, Magarini hii hii. Waheshimiwa huja, hujifunga leso kiunoni, hucheza, huhutubu, huondoka. Na wajukuu wa wale wakulima bado wanaitwa maskwota kwenye udongo aliofungwa kwa ajili yake. Huko si kumuenzi, ni kumcheza shere.

Mkija tena, njooni na hati za ardhi. Ngoma tunayo wenyewe.